Vitamini na uvimbe mbaya wa ubongo: jinsi ya kuichuja habari kabla hujamnunulia mgonjwa kichupa

Kuna ile meseji inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, "vitamini ya bei chee inamaliza kansa ya ubongo, madaktari hawataki ujue", juu kuna picha ya MRI yenye doa jeupe na chini kuna namba ya mtu anauza. Mi niko kaunta ya duka la dawa hapa Dar na ikishazunguka tu najua wateja watakuja, mtu kashika simu anakuonyesha, "naomba hii, ya mama yangu". Na shida ya hiyo meseji sio kwamba ni uongo mtupu, ingekuwa uongo mtupu ningeshamaliza kazi kitambo. Shida ni kwamba ndani yake kuna kaukweli kadogo, na hako kaukweli ndo kanakomaliza hela za watu na saa nyingine kanamuumiza mgonjwa.

Kwa hiyo nimeona niandike namna ya kwenda nayo. Ukitaka nikwambie jambo moja tu ni hili, vitamini ukiitumia kutibu uvimbe basi imeshakuwa dawa, iulize maswali yote ambayo ungeuliza dawa: ya ugonjwa gani, dozi gani, inagombana na nini, nani kaijaribu kwa binadamu.

Anza na karatasi ya histolojia

Kabla ya vitamini yoyote, kamata jina la uvimbe, liko kwenye majibu ya histolojia, yaani ya kipande cha uvimbe kilichopimwa maabara. Watu wengi wanakuja wanasema "ana uvimbe kichwani" basi, ukiuliza upi hawajui. Sasa uvimbe wa ubongo sio kitu kimoja. Kuna meningioma ambayo mara nyingi inakua taratibu na ikitolewa vizuri mtu anaendelea na maisha. Kuna uvimbe uliotoka kwenye ziwa au kwenye mapafu ukahamia kichwani, huo unatibiwa kwa kufuata kule ulikotoka. Kuna limfoma, kansa ya seli nyeupe za damu. Na huku kwetu kuna vitu vinafanana na uvimbe kwenye picha kumbe sio kansa kabisa, TB ya ubongo, tokso (maambukizi ya toksoplasma) kwa mwenye HIV ambaye kinga imeshuka, vifuko vya mabuu ya tegu wa nguruwe. Hivyo vina dawa zake zinazojulikana, na ukivikalia na vitamini utakuja kujuta.

Halafu kuna glioblastoma, ambayo ndo meseji nyingi zinaiongelea hata kama hazitaji jina. Hii ni daraja la 4, ndo mbaya kuliko zote zinazoanzia kwenye ubongo wenyewe kwa watu wazima. Ubaya wake ni kwamba haikai sehemu moja, inatuma seli zake kwenye ubongo mzima unaoizunguka, yaani ni kama ndago shambani, unang'oa majani yote shamba linang'aa kumbe vidundu viko chini. Ndo maana daktari wa upasuaji hata awe fundi vipi hawezi kusema kaitoa yote.

Omba kopi ya majibu ya histolojia, ni haki ya mgonjwa, yapige picha yakae kwenye simu. Tafuta jina, daraja, na kama wameandika IDH au MGMT andika pembeni, hivyo ni vipimo vya vinasaba vya uvimbe. MGMT hasa inasaidia kukadiria kama ile kemo ya vidonge itafanya kazi vizuri au la. Vipimo hivi havifanyiki kila hospitali, kama havipo usipanic, uliza tu kama sampuli inaweza kutumwa sehemu. Na ukishajua jina, nusu ya meseji unazitupa hapohapo, kwa sababu habari ya glioblastoma haimhusu mama mwenye meningioma.

Jua matibabu ya kawaida yanaleta nini

Bila hii utadanganywa na kila mtu. Kwa glioblastoma matibabu ya kawaida duniani yamesimama kwenye jaribio la Roger Stupp na wenzake lililotoka mwaka 2005: upasuaji kutoa kinachotoleka, kisha mionzi gray 60 (gray ni kipimo cha mionzi) iliyogawanywa mara 30, wiki sita hivi, pamoja na ile kemo ya vidonge, inaitwa temozolomaidi, kila siku, mionzi ikiisha vidonge vinaendelea siku 5 kila baada ya siku 28, mizunguko 6. Waliopata mionzi peke yake, nusu yao walikuwa bado hai miezi 12.1, waliopata mionzi na temozolomaidi ikawa miezi 14.6. Waliofika miaka miwili walipanda kutoka kama 10 kwa mia mpaka 26 kwa mia.

Najua ni namba za kuumiza, unaweza kusema miezi miwili na nusu ni nini. Lakini hizo namba zilipatikana kwa kugawa watu zaidi ya 570 kwa bahati nasibu, kikundi hiki dawa kikundi kile bila dawa, ndo maana daktari anaziamini. Sasa mtu akikwambia vitamini yake "inaponya", muulize tu, katika wagonjwa wangapi, walilinganishwa na nani? Ataanza kukupa ushuhuda wa shangazi yake.

Habari ya niasini, hii ndo yenye kaukweli

Niasini ni vitamini B3. Maprofesa wa Chuo Kikuu cha Calgary kule Kanada, chini ya V. Wee Yong, walikuwa wanatafuta kitu cha kuamsha askari wa kinga ambao glioblastoma inawalaza usingizi. Maana uvimbe huu una ujanja, zile seli za kinga zinazotakiwa kuula unazigeuza zinakaa tu pale zinautazama, nyingine zinausaidia kabisa. Mwaka 2020 wakachapisha kwamba niasini iliziamsha hizo seli, kwenye vyombo vya maabara na kwenye panya, panya wakaishi muda mrefu zaidi hasa wakipewa pamoja na temozolomaidi.

Baada ya hapo wakaingia kwa binadamu, na hapa soma taratibu. Wagonjwa walikuwa wapya wa glioblastoma, walipewa niasini ile ya kutoka pole pole, JUU ya mionzi na temozolomaidi, sio badala yake. Walianza dozi ndogo wakawa wanapandisha huku wanapima ini na damu. Matokeo ya awali ya wagonjwa 24 yalionyesha kwamba kwenye miezi sita 82 kwa mia uvimbe ulikuwa haujarudi kukua, wakati rekodi za wagonjwa wa zamani zilikuwa 54 kwa mia.

Inatia moyo, mi mwenyewe niliposoma nilifurahi. Ila angalia, ni watu 24, na walilinganishwa na wagonjwa wa nyuma, sio na kikundi kilichotibiwa wakati uleule kwa kugawanywa kwa bahati nasibu. Wagonjwa wanaoingia kwenye jaribio mara nyingi ni wale wenye nguvu kidogo, wanaotembea wenyewe, kwa hiyo wanaweza kufanya vizuri hata bila hiyo niasini. Na kinachopimwa hapo ni uvimbe kutokua kwa miezi sita, bado hujaambiwa wameishi muda gani. Watafiti wenyewe wanasisitiza mtu asijinywee.

Kitu kingine ambacho wauzaji hawakwambii, B3 ina sura zaidi ya moja. Kuna niasini na kuna nikotinamaidi, zote zinaandikwa B3 kwenye kichupa. Kwa upungufu wa vitamini zinafanya kazi ileile lakini kwa mambo mengine hazifanani, niasini inakuwasha uso mpaka kifuani unakuwa mwekundu unahisi moto, nikotinamaidi haifanyi hivyo. Kilichojaribiwa Calgary ni niasini. Sasa mtu anaona kichupa kimeandikwa B3 "isiyowasha" anafurahi kapata nafuu ya pembeni, kumbe kanunua kitu kingine kabisa.

Na niasini ya dozi kubwa ina madhara ya kweli: inapandisha sukari, inachosha ini, inaamsha gauti, inashusha presha. Mgonjwa wa uvimbe wa ubongo mara nyingi yuko kwenye deksa (deksamethasoni) kupunguza maji kichwani, na deksa yenyewe inapandisha sukari. Ukiweka zote mbili bila kupima, utashangaa mzee anakojoa usiku kucha unadhani ni uzee.

Vitamini C, ya kunywa na ya dripu ni habari mbili

Historia yake ndefu. Mwaka 1976 Linus Pauling, mtu wa Nobel mbili, na daktari Ewan Cameron walisema vitamini C nyingi inaongeza maisha ya wagonjwa wa kansa. Mayo Clinic wakaijaribu kwa kulinganisha vizuri, gramu 10 kwa siku za kunywa, matokeo yakatoka 1979 na tena 1985, hakuna faida. Watu wa vitamini C wakasema mmekosea, ya mdomoni utumbo unaikataa, inabidi ipite kwenye mshipa. Na hapo kwa kweli wana hoja, ukinywa vidonge hata kumi damu inafika kikomo kinachobaki kinaenda chooni (na tumbo linakuharisha), dripu inapeleka kiwango ambacho vidonge haviwezi kukigusa.

Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walitoa mwaka 2019 jaribio dogo la wagonjwa 11 wa glioblastoma waliowekewa dripu za vitamini C za makumi ya gramu pamoja na mionzi na temozolomaidi. Lengo lilikuwa kuona kama ni salama, na walivumilia vizuri. Lakini kwa watu 11 hujui kama inatibu, unajua tu kwamba haikuwaua. Kwa hiyo zile vidonge za machungwa za kuyeyusha kwenye maji, hizo kunywa ukitaka, ila usiziite tiba ya ubongo.

Sasa hapa wasomaji wa Afrika Mashariki na Kongo nisikilizeni vizuri. Kuna kliniki zinaweka dripu za vitamini C za urembo na za "kinga", na zingine zitakubali kukuwekea za kansa. Kuna watu wengi tu kwenye maeneo yetu ya malaria wamezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinaitwa G6PD. Mtu wa hivyo anaishi kawaida hajui, siku akipigwa dripu kubwa ya vitamini C chembe nyekundu za damu zinavunjika, mkojo unakuwa rangi ya soda nyeusi, macho ya njano, anaweza kufa. Kipimo cha G6PD kinafanyika kabla ya dripu ya kwanza, sio baada. Kama kliniki haijui G6PD ni nini, chukua mkoba uondoke. Na figo pia zipimwe, maana vitamini C nyingi inaacha chumvi za oksaleti zinazoziba figo. Tena kile kipimo cha sukari cha kutoboa kidole kinaweza kudanganya baada ya dripu, kinasoma sukari juu wakati haiko juu, mtu akachomwa insulini asiyoihitaji.

A na E, hizi usizichezee

Vitamini A ina mtoto wake mmoja aliyefaulu kweli, dawa ya jamii yake inayoitwa ATRA, ambayo imebadilisha kabisa matibabu ya aina moja ya kansa ya damu, na wauzaji wanapenda kuitaja. Ila kwa uvimbe wa ubongo retinoidi, yaani dawa za jamii ya vitamini A, zimejaribiwa miaka mingi na hazijaleta cha maana. Na angalia kejeli hii: vitamini A ikizidi mwilini yenyewe inapandisha presha ndani ya fuvu, kichwa kinauma, unatapika, macho yanaona ukungu. Yaani dalili zilezile za uvimbe. Familia inakimbia hospitali inalia uvimbe umekua, kumbe ni kichupa. Yale matone wanayopewa watoto chini ya miaka mitano yanatolewa kila baada ya miezi 6 kwa sababu vitamini A inajihifadhi kwenye ini, haiondoki kirahisi. Karoti, mchicha, maembe, endelea kula hayo hayana shida.

Beta-karotini ya vidonge nayo, wale wavutaji sigara zaidi ya 29,000 wa Finland kwenye jaribio lililotoka 1994 walipata kansa ya mapafu kwa wingi zaidi, sio kidogo. Vitamini E ya IU 400 kwa siku ilipojaribiwa kwa wanaume zaidi ya 35,000 iliongeza kansa ya tezi dume kwa 17 kwa mia. Na E ya dozi kubwa inafanya damu isigande vizuri, sasa fikiria mtu aliyetoka kufunguliwa fuvu na temozolomaidi inashusha plateleti, chembe zinazogandisha damu. Hapana.

D ndo ina kazi, ila sio ile unayodhani

Vitamini D kwa uvimbe wenyewe bado ni habari za maabara na za kuangalia rekodi, usiilipie kwa matumaini hayo. Lakini kwa mgonjwa ina sababu nzuri: deksa ya muda mrefu inakula mifupa, dawa za kifafa za zamani kama fenitoini, fenobabitoni na kabamazepini zinashusha vitamini D, na mgonjwa mwenyewe anashinda ndani. Kwa hiyo muulize daktari kama apimwe au apewe ya kawaida ya kulinda mifupa. Usipitilize, ikizidi kalsiamu inapanda, mtu anafunga choo, ana kiu, anachanganyikiwa, na mtu wa uvimbe akichanganyikiwa kila mtu anasingizia uvimbe.

Linganisha na mfuko wa dawa

Hii ndo hatua watu wanairuka na ndo yenye hatari kuliko zote. Mwaga dawa zote za mgonjwa mezani, za hospitali, za mitishamba, unga wa mlonge, chai ya rafiki yake wa Dubai, kila kitu, andika jina na miligramu kwenye karatasi moja. Halafu angalia hivi.

Akiwa anatumia fenitoini kuzuia degedege, foliki (vitamini B9) ya vidonge inaweza kuishusha fenitoini kwenye damu na degedege zikarudi. B6 nyingi nayo inaweza kuishusha, pamoja na fenobabitoni, na B6 ikikaa muda mrefu kwa dozi kubwa inaharibu mishipa ya fahamu, miguu inakufa ganzi. Angalia vizuri lebo za multivitamini na zile za "neva", foliki na B6 zimo humo na wewe huna habari. Akiwa kwenye wafarini kwa sababu ya damu kuganda mguuni, jambo ambalo linawapata sana wagonjwa hawa, vitamini K inaipinga dawa na E inaizidisha. Akiwa na limfoma ya ubongo anatibiwa kwa methotreksati, foliki usimpe kabisa bila daktari, kuna ratiba yake maalum. Na vitamini C, A na E za dozi kubwa wakati wa mionzi, acha mpaka daktari wa mionzi aseme. Kuna jaribio la Quebec la wagonjwa 540 wa kansa ya kichwa na shingo waliopewa vitamini E na beta-karotini wakati wa mionzi, madhara ya mionzi yalipungua kweli, lakini kansa ikaelekea kurudi zaidi. Sio ubongo, ila inatosha kukupa adabu.

Multivitamini ya kawaida ya dozi ya siku, kwa mtu asiyekula vizuri na asiye kwenye hizo dawa nilizotaja, mi sina ugomvi nayo, mwonyeshe tu daktari lebo.

Ukienda kliniki sema hivi

Usifiche. Watu wanaogopa daktari atawafokea, na kweli wapo wanaofoka, ila daktari asiyejua anachokunywa mgonjwa anaweza kubadilisha dozi kwa sababu isiyo sahihi. Iwe ni Ocean Road, MOI, Bugando, KCMC, Kenyatta au Mulago, peleka ile karatasi na useme, "Daktari, tumesikia habari ya niasini ya Calgary, hatutaki kuacha mionzi, tunaomba kujua kama ini lake na sukari yake vinaruhusu, na kama kuna jaribio lolote analoweza kuingia." Swali la namna hiyo linajibika. Ukimwambia "nimesikia kuna vitamini inaponya" atacheka na mazungumzo yameisha. Majaribio unaweza kuyatafuta mwenyewe kwenye ClinicalTrials.gov na kwenye rejista ya Afrika ya PACTR, andika glioblastoma, angalia nchi, angalia kama bado wanapokea watu. Jaribio halali halikutozi laki tatu za "usajili" kwa M-Pesa.

Kama mgonjwa ni mtoto, sahau dozi zote ulizosoma humu. Uvimbe wa watoto ni wa aina nyingine na miili yao ni mingine.

Na kama keshaanza kunywa? Usitupe kichupa, kipeleke kliniki kama kilivyo ili wasome kilichomo. Zile dozi kubwa za niasini, A na E simamisha leo na upige simu. Ila kama yuko kwenye fenitoini na amekuwa anakunywa foliki kwa muda, hiyo usiikate ghafla kimyakimya, kwa sababu ukiitoa fenitoini inaweza kupanda, akaanza kuyumba kama mlevi na macho kucheza, wacha daktari aamue na apime damu. Akipata degedege, akitapika asubuhi mfululizo, akilala haamkiki vizuri au upande mmoja ukilegea, hapo habari za vitamini ziache, ni emajensi moja kwa moja, na ile karatasi ya dawa iwe mfukoni.